Neno moja badala ya maneno kumi: usimalizie hiyo PDF, anza na imeili yako

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nakaa Tabata, nafanya kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini, karibu siku nzima naandika imeili za Kiingereza kwa wateja wa nje na mawakala wa meli. Bosi ananirudishia kila siku, anasema naandika risala. Rafiki yangu kanitumia PDF ya maneno 500 ya 'one word substitution', nimekariri kama 200 hivi kwenye daladala asubuhi na jioni, ila nikikaa mbele ya kompyuta halinijii hata moja. Nimalizie yale 300 yaliyobaki au kichwa changu ndo kimefika mwisho? Nimekuwekea imeili moja niliyorudishiwa juzi. Halafu kuna mteja wa Uingereza kaniandikia atalipa 'within a fortnight', nimeona aibu kuuliza. Msaada mwalimu."

Marahaba mdogo wangu. Kichwa chako kizima kabisa, na yale 300 usiyaguse.

Hizo PDF nazijua, zinazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya vijana wa India wanaojiandaa na mitihani ya kuomba kazi serikalini, kule swali la namna hiyo ni la kawaida, unapewa maelezo marefu unachagua neno lake. Sasa mtunzi wa mtihani anatafuta neno la kumtega mtahiniwa, hafikirii mtu anayekimbizana na kontena. Ndo mana unakuta 'philatelist', mtu anayekusanya stempu. Wewe lini utamwandikia wakala wa meli habari za mkusanya stempu? Unakuta 'somnambulist', mtu anayetembea huku kalala, wakati Mwingereza nyumbani kwake anasema tu 'sleepwalker'. Umebeba maneno 200 na labda 170 kati yake hutayahitaji mpaka unastaafu, na yale 30 ya maana yamefunikwa humo humo.

Na kusahau kwako kuna sababu inayojulikana toka zamani. Mjerumani mmoja anaitwa Hermann Ebbinghaus alichapisha utafiti wake mwaka 1885, alikuwa anajikaririsha mwenyewe silabi zisizo na maana yoyote, alafu anapima baada ya muda gani zimemtoka. Zilikuwa zinamtoka haraka sana, sehemu kubwa siku ile ile ya kwanza, baada ya hapo zinazobaki zinapungua polepole. Neno la Kiingereza ambalo hujawahi kulihitaji, umelisoma umesimama kwenye daladala huku konda anapiga kelele za nauli, kwenye kichwa chako halina tofauti na zile silabi za Ebbinghaus. Halina pa kujishikiza. Wewe unahitaji maneno ambayo nafasi yake ipo tayari, na nafasi zenyewe unazo, zipo kwenye imeili yako.

Haya tuiangalie hiyo imeili, naiweka kama ulivyoiandika: "We would like to inform you that the person who is supposed to receive the cargo has not yet paid the money which is charged when a container stays at the port for more days than allowed. Also the documents which you sent to us are not able to be read. We are asking if we can move the meeting forward to next week."

Kisarufi haina makosa mabaya, tuanzie hapo, na mtu akikwambia hujui Kiingereza usimsikilize. Ila ni maneno 64. Mimi ningeandika hivi: "The consignee has not yet paid the demurrage. The documents you sent are illegible. Please send clear copies. May we postpone the meeting until next week?" Hapo ni maneno 26, na humo nimeongeza hata ombi la kutumiwa nakala nyingine ambalo wewe hukuliweka. Maneno yaliyofanya kazi ni manne tu, 'consignee', 'demurrage', 'illegible' na 'postpone', na nataka tukae na kila moja kwa sababu kila moja linafungua mlango wake.

Tuanze na 'demurrage' kwa vile unalijua. Pale ofisini kwenu wote mnasema demareji kutwa nzima, "mzigo umeingia demareji", "mteja anagombana na demareji", ni ile tozo ya kontena kukaa bandarini kupita siku za bure. Lakini ulipofika kwenye kuandika ukaliacha neno unalolitumia kila saa ukaanza kulielezea kwa maneno 17, kuanzia 'the money' mpaka 'allowed'. Nadhani ulihisi ni la mtaani kwa sababu linatamkwa Kiswahili. Hilo ni neno halali la Kiingereza cha meli, wenyewe walilichukua kutoka Kifaransa cha zamani, kwenye kitenzi chenye maana ya kukaa au kukawia. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa kabla hujajifunza neno jipya, chukua maneno ya Kiingereza ambayo tayari yapo mdomoni mwako kikazi, demareji, manifesti, transiti, dipoziti, hakikisha unajua tahajia yake, uyaandike bila woga. Watu wengi hapa Dar wana msamiati mkubwa kuliko wanavyodhani, umejificha ndani ya Kiswahili chao.

'Consignee' sasa. Hapa nataka uone kitu ambacho kwenye PDF hakiwezi kuwepo kwa sababu aliyeiandika hajui Kiswahili. Sisi tuna mwajiri na mwajiriwa, yule wa kwanza anatenda, wa pili anatendewa, tofauti ni hiyo -wa ya mwishoni tu. Waingereza wana mtambo wa aina hiyo hiyo, anayetendewa wanampa -ee. 'Employer' na 'employee'. 'Interviewer' ni mhojaji, 'interviewee' ni mhojiwa. 'Trainee' ni anayefunzwa, 'payee' ni anayelipwa, yule ambaye jina lake linaandikwa kwenye hundi, 'nominee' ni mteuliwa, 'addressee' ni yule bahasha imeandikiwa yeye. Na 'consignee' ni mtumiwa, aliyetumiwa mzigo. Ukiwa na hiyo -wa kichwani hulazimiki kuyakariri moja moja. Yapo machache yanayokiuka, 'refugee' ni mkimbizi na amekimbia mwenyewe, 'absentee' ni asiyehudhuria, hayo yazoee tu kama yalivyo. Na kwenye kutamka, ile g ya 'consignee' haisikiki na mkazo unaenda mwisho kabisa, kon-sai-NII. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho ndo mana tunasema kon-SAI-ni na mtu wa upande wa pili wa simu anakuuliza "sorry?".

'Illegible' ndo neno ninalolipenda kuliko yote kwenye hii imeili yako. Nina uhakika ulipoyafungua yale makaratasi yaliyoskaniwa vibaya, kitu cha kwanza kilichokutoka mdomoni ni "haya hayasomeki". Neno moja. Alafu ukageuka kwenye kibodi ukaandika 'are not able to be read', maneno sita. Mdogo wangu, ulikuwa na neno moja ukalivunja vunja! Kila mara Kiswahili kikikupa kitenzi kinachoishia na -ika au -eka chenye maana ya kuwezekana, simama, kwa sababu mara nyingi Kiingereza nacho kina neno moja hapo, na mara nyingi linaishia -able au -ible.

Jaribu mwenyewe. Mvua ikipiga, Jangwani pakajaa maji, tunasema barabara haipitiki, hiyo ni 'impassable'. Nyumba imeingia maji haikaliki, 'uninhabitable'. Maumivu hayavumiliki, 'unbearable'. Ugonjwa hautibiki, 'incurable'. Jambo haliepukiki, 'inevitable' au 'unavoidable'. Sehemu haifikiki, 'inaccessible'. Gari limegongwa kiasi kwamba halitengenezeki tena, 'irreparable'. Na upande wa kukubali pia, kinachobebeka ni 'portable', kinacholika ni 'edible', ila hapo uangalie, 'edible' ni kwamba ukila hakikudhuru, kama unamaanisha chakula kibaya lakini unaweza ukajilazimisha, Waingereza wanasema 'eatable'. Na bidhaa zinazoharibika upesi, samaki, maua, nyanya, hizo ni 'perishable', neno la kazini kwako kabisa, limeandikwa kwenye fomu za mizigo kila siku.

Kuna suala la hicho kipande cha kukanusha cha mbele, watu kinawasumbua lakini kinafuata sauti. Mbele ya l ni il-, 'illegible', 'illegal'. Mbele ya r ni ir-, 'irregular'. Mbele ya m, p na b ni im-, 'impossible', 'immobile'. Kwingine in-, 'invisible'. Alafu kuna un- ambayo haifuati hizo sauti, inakaa hata mbele ya l, r na b, 'unlikely', 'unreadable', 'unbreakable'. Hapo hapo nikwambie, 'unreadable' na 'illegible' zinakaribiana ila kazini kwenu huko kwenye makaratasi tumia 'illegible', ni mwandiko au chapa isiyosomeka, mana 'unreadable' inaweza ikabeba pia maana ya maandishi yanayochosha mpaka unayaacha. Na tafadhali usije ukalichanganya na 'ineligible', hiyo ni mtu asiyestahili, asiye na sifa, kwa mfano ya kuomba msamaha wa kodi. Herufi mbili tatu tu na umemtukana mteja.

Sasa 'postpone', hapa ndipo kosa lako lingeweza kuwaletea hasara. Wewe uliandika 'move the meeting forward' kwa sababu Kiswahili tunasema kikao kimesogezwa mbele, na sisi wote tunajua mbele ni baadae, siku zinazokuja. Lakini kwa Mwingereza, 'bring the meeting forward' ni kukileta karibu, yani kifanyike mapema zaidi. Na 'move forward' hata wao kwa wao inawachanganya, waambie mkutano wa Jumatano umekuwa 'moved forward' kwa siku 2, kuna atakayekuja Jumatatu na kuna atakayekuja Ijumaa. Kwako wewe ulisema 'to next week' kwa hiyo angeelewa, ila siku utakayosahau kutaja tarehe mtu atakaa kwenye simu anakusubiri wewe hujui. 'Postpone' haina utata huo hata kidogo, ni kuahirisha. Hiyo ndo faida ya neno moja ambayo watu hawaisemi, wanasifia ufupi tu, lakini neno moja lililo sahihi linafunga mlango wa kueleweka vibaya. (Kinyume chake, kuleta mapema, tumia 'bring forward'. Ukisikia 'prepone', hilo ni la Wahindi, kwao wanalitumia kawaida tu, ila ukimwandikia Mwingereza anaweza asikuelewe.)

Umeniuliza pia mahali, nimelikata kwenye swali lako, kwa nini hayo maneno mamoja yanasikika ya kiofisi wakati 'put off' inasikika ya kawaida. Ni historia. Mwaka 1066 Wanormani walivuka kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa karibu karne tatu wakubwa wa kule, ikulu, mahakama, walikuwa wanatumia Kifaransa, kanisani na kwa wasomi Kilatini, wakulima ndo walibaki na Kiingereza chao. Vile vitenzi vya vipande vipande, 'put off', 'look into', 'get rid of', 'put up with', vingi ni vya yule mkulima. 'Postpone', 'investigate', 'eliminate', 'tolerate' vimetoka Kilatini, vingine kupitia Kifaransa. Na hata sisi tuna tabaka kama hilo, barazani unasema kikao kimesogezwa mbele, kwenye tangazo la ubao wa serikali ya mtaa wanaandika kimeahirishwa, na ahirisha mzizi wake ni Kiarabu. Kwa hiyo ukimwandikia rafiki 'let's put it off' uko sawa sawa, ukimwandikia wakala wa meli 'postpone' iko mahali pake. Sio kwamba moja ni Kiingereza kizuri na lingine kibovu, ni nguo ya nyumbani na nguo ya kazini.

Kuna kosa moja ambalo nalikuta kwa wanafunzi wangu karibu wote wa hapa mjini, wanajifunza neno moja alafu wanaliongezea kile ambacho tayari limekibeba. 'Discuss about the invoice'. Ile 'about' imo ndani ya 'discuss' tayari, sema 'discuss the invoice'. 'Return back', 'back' imo ndani ya 'return'. 'Repeat again' na 'refund back' vile vile, 'mention about' vile vile, 'emphasize on' vile vile. Na 'postpone to a later date', sasa utaahirisha kwenda tarehe ya nyuma? Najua yanatoka wapi, Kiswahili tunasema tujadili kuhusu, rudia tena, irudishe nyuma, na kwetu ni sawa tu. Ila neno ulilolinunua kwa ajili ya kufupisha ukilifungia tena kamba umerudi pale pale. Ukijifunza neno jipya jiulize ndani yake kuna nini, alafu kile kilichomo usikiandike nje.

Na uwe makini na maneno mawili yanayoonekana pacha. Kwa kazi yako hasa 'refund' na 'reimburse'. Mteja amelipa huduma haikufanyika unamrudishia hela yake, hiyo ni 'refund'. Nyie mmemlipia mteja tozo ya stoo kwa hela yenu ili mzigo utoke, sasa mnataka awarudishie, hapo mnaomba awa-'reimburse'. Kiswahili zote ni kurudisha hela. Ukiandika 'please refund us' mtu anaweza akadhani mnadai bidhaa yake ilikuwa mbovu. Nimeona ofisi moja, siitaji, wamebishana wiki nzima na mteja kwa kosa hilo hilo tu.

Utaniambia mbona unanifundisha ya bandarini tu. Yanaanzia hapo alafu yanaenea yenyewe kwa njia ya mizizi. Angalia kopo la dawa ya wadudu pale kwenye duka la pembejeo, 'insecticide'. Ile -cide ni Kilatini, kuua. 'Pesticide', 'herbicide' inayoua magugu, 'homicide' kuua mtu, 'suicide' kujiua, 'infanticide' kuua mtoto mchanga. Umeshika mmoja umeshika ukoo mzima. Na kwenye ukoo huo kuna neno ambalo kila nikilifundisha darasa linakaa kimya. Mwaka 1941 Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alisema redioni kwamba wako mbele ya uhalifu usio na jina, alikuwa anazungumzia mauaji waliyokuwa wanayafanya Wanazi. Kweli lilikuwa halina jina. Ilibidi useme kitendo cha kukusudia kuliangamiza kundi zima la watu kwa sababu ya taifa lao au kabila lao au dini yao. Mwanasheria mmoja Myahudi kutoka Poland, Raphael Lemkin, mwaka 1944 akachukua 'genos' ya Kigiriki, ukoo au kabila, akaiunga na -cide, ikawa 'genocide'. Miaka minne baadae, Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa kulizuia na kuliadhibu kosa hilo kwa jina hilo. Na hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo ilitolewa hapa hapa nchini kwetu, Arusha, Septemba 1998, kwenye kesi ya Jean-Paul Akayesu wa Rwanda. Sisi tunasema mauaji ya kimbari, mbari ni ukoo, kwa hiyo hata Kiswahili kimefuata mzizi ule ule. Mimi nikifikiria hilo naona kazi ya neno moja sio kuokoa nafasi kwenye karatasi tu, jambo likipata jina linaweza kushtakiwa.

Turudi kwako. Kuna wakati neno moja ni baya, na lazima uujue huo wakati. Mteja wako kafiwa na baba yake unamwandikia pole, usiandike 'your deceased father', hilo ni la kwenye fomu ya mirathi, andika 'your late father', ambalo ndo marehemu yetu, lina heshima na ubinadamu. Mteja mdogo wa Kariakoo anayeagiza kontena lake la kwanza kutoka China, yeye kwanza mpe maelezo marefu, ukishamwelezea ndo umpe jina, kuanzia hapo mtatumia jina. Na neno likiwa halikai sawa sawa na ulichomaanisha, bora maelezo. Mfano 'landlocked', nchi isiyo na bahari, utalihitaji sana kwa mizigo ya transiti, Zambia, Malawi, Burundi, Rwanda, Uganda zote ni 'landlocked'. Ukiichomeka Kongo ya Kinshasa humo umekosea, ina kipande kidogo cha pwani Atlantiki pale mto Kongo unapoingia baharini, japo mizigo mingi ya upande wake wa mashariki na kusini inapita kwetu. Hapo itabidi uandike kwa maelezo tu.

Namna ya kufanya ni hii. Nunua daftari dogo la kawaida, usitumie simu, kwenye simu utaishia kuangalia mengine. Kila jioni kabla hujatoka ofisini fungua imeili ulizotuma siku hiyo, tafuta sentensi moja tu iliyokuchosha kuandika, moja. Iandike kwenye daftari ilivyo. Chini yake andika kwa Kiswahili ungeisemaje ukiwa unamwambia mwenzako wa meza ya pembeni, na hapo angalia vizuri kama umetumia -ika, au -wa, au neno la kikazi kama demareji, mana jibu mara nyingi linachungulia hapo. Ndipo ulitafute neno lake. Kamusi za wanaojifunza Kiingereza zipo bure mtandaoni, za Oxford na Cambridge, zina sentensi za mfano na unaweza ukabonyeza ukasikia linavyotamkwa, soma mifano sio maana peke yake. Mwisho iandike upya sentensi yako ikiwa na neno jipya. Kesho yake funika neno, soma ile sentensi ndefu, ulikumbuke. Rudia baada ya siku 3, rudia baada ya wiki. Ukishalituma mara 3 kwenye imeili za kweli lipige mstari, hilo ni lako. Kwa wiki ni maneno 5, sio mengi, lakini kwa mwaka wa kazi ni zaidi ya 200, na safari hii yote yatakuwa umeyatumia. Hizo asubuhi za daladala funika na kumbuka, usikariri mapya.

Na bosi akikurudishia imeili usiifute, hiyo ndo malighafi yako. Nitumie nyingine mbili tatu kama hiyo tuzikate pamoja.

La mwisho, mteja wako wa Uingereza. 'Fortnight' ni wiki mbili, ni ufupisho wa Kiingereza cha kale wa usiku 14, zamani kule walikuwa wanahesabu kwa usiku. Wamarekani karibu hawalitumii kwa hiyo mteja wa kule mwandikie 'two weeks', na ukae mbali na 'biweekly' kwa sababu wengine wanaielewa kila baada ya wiki mbili na wengine mara mbili kwa wiki. Huna sababu ya kuona aibu, na yeye kakupa tarehe kabisa. Fungua imeili yake uangalie aliituma lini, hesabu siku 14 kuanzia hapo. Kama hazijaisha msubiri. Kama zimepita na hela haijaingia, lipo neno moja la hali hiyo nalo ni 'overdue', mwandikie hivi: "Your payment is now overdue. Kindly settle it this week."